Risala ya Vikundi vya Huduma vya Mwambao wa Ziwa Tanganyika kuhusu Ruzuku Ndogo za Wakati wa Kipindupindu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni wetu Rasmi;
Ndugu Katibu Tawala wa Wilaya;
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri;
Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya;
Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Ruzuku Ndogo;
Waheshimiwa Madiwani;
Ndugu Watendaji wa Kata na Vijiji, Wenyeviti wa Vitongoji;
Viongozi wetu wa dini, wazee wa mialo, Mabibi na Mabwana:

  

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza hapa hapa mwaloni badala ya kutuita ofisini. Umekuja kwa boti, njia ile ile tunayopita sisi, na umelowa kama tunavyolowa sisi. Karibu sana.

Tunaosimama mbele yako ni vikundi vya kujitolea vya kata za mwambao, Mkoa wa Kigoma. Wapo kina mama wanaoanika na kuuza dagaa, vijana wa boti, walimu wa shule ya msingi, muuguzi mstaafu ambaye bado anaitwa Sista na kijiji kizima, vijana wa madrasa na wanakwaya. Kazi yetu ugonjwa unapozuka ni kutibu maji ya kunywa, kusimamia ndoo za kunawia mikono, kupita nyumba kwa nyumba na kumbeba mgonjwa hadi zahanati. Mijini vipo vilabu vya huduma kama Rotari na Laions, ambavyo wanachama wake ni wenye kampuni, mawakili na madaktari. Wakichangishana jioni moja hotelini, kisima kinachimbwa. Tunawaheshimu na hatuwaonei wivu. Ila mfuko wetu hutegemea dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi hupumzika na mchango wa wiki hupumzika nayo. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, tulilitii agizo kwa kuwa tunajua samaki wanahitaji kuzaliana, lakini sanduku la kikundi lilikauka kabisa.

Kipindupindu nacho si mgeni kwetu. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ugonjwa ulizuka na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wengi wao wakimbizi. Meli ya Liemba iliwabeba watu hadi Kigoma mjini, na uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kuwapokea. Ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, ugonjwa huu huzuka mara kwa mara, na maji tunayoyachota ni ya ziwa moja.

Kwa hiyo ilipoundwa Kamati ya Ruzuku Ndogo, ili fedha za wadau ziwafikie wanaojitolea vijijini wakati wa mlipuko, tulipiga vigelegele. Hatukuja leo kuishtaki Kamati. Baadhi ya wajumbe wake wamekesha nasi kwenye mahema ya wagonjwa na tumekunywa nao uji wa sufuria moja. Tumekuja kueleza namna utaratibu ulivyotuchosha, na kuomba urekebishwe. Tumevumilia milipuko kadhaa tukisema labda safari ijayo. Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, tunaanza.

1. Fedha kufika ugonjwa ukiwa umekwisha.

Mheshimiwa, mtu aliyeambukizwa kipindupindu anaweza kuonyesha dalili ndani ya saa chache, au akakaa hadi siku tano. Akishaanza kuharisha sana na asipopewa maji ya chumvi na sukari au dripu, asubuhi anaweza kuwa anatembea na jioni akawa marehemu. Huo ndio mwendo wa ugonjwa. Mwendo wa barua yetu ni huu: inaanzia kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, inapanda kwa Mtendaji wa Kijiji, inakwenda kwa Mtendaji wa Kata, inavuka maji hadi Halmashauri, inaingia kwenye Kamati, inapelekwa kwa mfadhili, kisha inarudi kwa njia hiyo hiyo. Kila mahali kuna muhuri, na mwenye muhuri mara nyingi yuko safarini.

Katika mlipuko uliopita tuliandika maombi siku wagonjwa wa kwanza walipopita hapa wamelala kwenye machela ya miti na kanga. Fedha ziliingia benki mahema yameshakunjwa, na maafisa wa afya wakiwa tayari wanahesabu zile wiki nne za kutopata mgonjwa mpya. Muda huo wote tulikopa klorini dukani, tukakopa petroli kwa wenye boti, na kina mama wakaweka rehani magunia ya dagaa. Zilipofika, zilifuatana na barua nyingine: zitumike zote kabla ya tarehe 30 Juni kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa, na kulipa madeni ya nyuma hakuruhusiwi. Basi tukanunua klorini ya unga wakati hakuna mgonjwa, tukaihifadhi kwenye stoo ya bati. Wataalamu mnajua: klorini ikikaa kwenye joto na unyevunyevu hupungua nguvu. Mlipuko ukija tena tutakuwa na ndoo za unga wenye harufu, usio na kazi.

Ombi letu: mara Mganga Mkuu wa Wilaya atakapotangaza mlipuko, kila kikundi kilichokwisha kuhakikiwa kipewe kianzio ndani ya saa 72, kwa njia ya simu, bila kusubiri kikao. Fedha nyingine zifuate taratibu zake za kawaida. Tunaomba pia madeni ya vifaa yaliyoingiwa tangu siku ya tangazo yakubaliwe, na bakaa isirudishwe bali iruhusiwe kuchimba vyoo.

2. Fomu ya maombi na masharti ya usajili.

Fomu ya sasa ina kurasa nyingi, imeandikwa kwa Kiingereza, na inatumwa kwa baruapepe. Hapa mwaloni mtandao unashika ukipanda kilimani. Tangu mwaka 2021 sheria za nchi hii na mahakama zake zimeelekezwa kutumia Kiswahili. Tunashindwa kuelewa kwa nini maombi ya ndoo na sabuni yabaki kwa Kiingereza. Katibu wa kikundi kimoja, binti aliyemaliza kidato cha nne, alitafsiriwa fomu hiyo na mwalimu mkuu hadi sehemu inayouliza kihatarishi kikuu cha mradi. Akaandika: kipindupindu. Fomu ikarudishwa kwa maelezo kwamba jibu halijitoshelezi. Tulicheka siku hiyo, lakini kitongoji kile hakikupata kitu.

Pamoja na fomu tunatakiwa kuwasilisha cheti cha shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni, na mpango mkakati. Mheshimiwa, sisi si mashirika. Ni vikundi vya kijamii, tumetambuliwa na Halmashauri hii hii kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, na vyeti vyetu vimetundikwa ukutani vikiwa na saini yake. Gharama ya kumleta mkaguzi wa hesabu kwa boti na kumlaza inaweza kuzidi ruzuku yenyewe.

Ombi letu: iwepo fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye maswali matano tu: nyinyi ni nani, mko wapi, kuna nini, mnahitaji nini, na nani atashika fedha. Cheti cha Halmashauri kikubalike. Uhakiki wa vikundi ufanyike mara moja kwa mwaka wakati wa utulivu, ili mlipuko ukija pasiwepo na kuulizana majina.

3. Kuelekezwa kwenye mikopo.

Mara kadhaa, tulipoulizia ruzuku, tuliambiwa twende kwenye fedha za asilimia kumi. Tunazijua na tunazishukuru. Sheria inaitaka kila Halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Iliposimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe tulisubiri, na iliporejea tulifurahi. Wapo wanachama wetu waliokopa na kununua nyavu, na wanarejesha.

Lakini mkopo wa nyavu hulipwa na dagaa. Mkopo wa klorini utalipwa na nini? Maji tunayoyatibu hatuyauzi. Mgonjwa tunayempeleka zahanati usiku hatumtozi nauli, na hata tungetaka, familia yake wakati ule haina. Kikundi kimoja cha kina mama kilijaribu. Walikopa kwa jina la biashara ya mgahawa, wakatumia sehemu ya fedha kununua ndoo zenye koki kwa ajili ya shule mbili, na marejesho yalipofika wakauza masufuria. Mgahawa umefungwa. Ndoo bado zipo shuleni na watoto wananawa. Mkipita pale mtaziona, zimepakwa rangi ya bluu.

Ombi letu: huduma ya dharura ya afya ihesabiwe kuwa ruzuku, isihesabiwe kuwa mkopo, na Halmashauri itenge kwenye bajeti yake kifungu kidogo cha ruzuku hizo, tusiwe tunategemea wadau peke yao. Kwa kina mama hao tunaomba huruma yako, Mheshimiwa, ili baki ya deni lao ipangiwe muda mrefu zaidi.

4. Risiti.

Hili ndilo limetuumiza kuliko mengine, na tunaomba uturuhusu kulieleza kwa urefu.

Masharti ya ruzuku yanataka kila matumizi yathibitishwe kwa risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yaani EFD. Tunaunga mkono kodi ya serikali ikusanywe. Ila tutazame namna fedha zinavyotumika hapa. Usiku wa saa nane mgonjwa anaanza kutapika kwenye kambi ya wavuvi isiyo na barabara. Tunamwamsha nahodha. Nahodha hana mashine ya EFD; ana injini, na anataka mafuta. Mafuta yananunuliwa kwa mama anayeuza petroli kwenye madumu ya lita tano pembeni ya nyumba yake. Naye hana mashine. Wabebaji wawili wanapewa fedha ya chai. Ndoo zinanunuliwa kwa mchuuzi anayezunguka vijijini na mtumbwi. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja anayeweza kutoa karatasi inayotakiwa na mhasibu.

Sisi tulijitahidi. Tulinunua daftari la kurasa mia moja, tukaligawa kwa mistari: tarehe, jina, kazi, kiasi, saini. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na Mtendaji wa Kijiji akagonga muhuri kila ukurasa. Daftari hilo tunalo hapa mezani, Mheshimiwa, utaliona lina madoa ya mafuta na kurasa nyingine zimejikunja kwa maji. Tulipolipeleka kwenye marejesho ya masurufu, usafiri wote wa boti ulikataliwa. Tukaandikiwa kwamba fedha hizo ni za kurejeshwa na viongozi wa kikundi binafsi. Mweka hazina wetu ni mwalimu. Amekuwa akirejesha kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake fedha iliyowafikisha zahanati watu ambao leo wamekaa mstari wa mbele katika mkutano huu. Hajawahi kulalamika hadharani, na ametukataza kutaja jina lake.

Matokeo yake ni kwamba katika baadhi ya vijiji hakuna anayekubali tena uweka hazina. Na wajanja wachache, kwa kuwa wapo, wameshajua pa kununulia risiti ya EFD ya mafuta ambayo hayakuwahi kumiminwa kwenye injini. Utaratibu uliokusudiwa kuzuia udanganyifu unamwadhibu mkweli na kumpitisha mwenye karatasi nzuri. Tunalisema hili kwa adabu, lakini tunalisema.

Ombi letu: kwa matumizi madogo ya dharura, Kamati ipokee daftari lenye saini au dole gumba, lililothibitishwa na Mtendaji wa Kijiji na shahidi mmoja kutoka kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani BMU. Usafiri wa boti uwekewe bei elekezi kwa kila safari, ijulikane mapema. Matumizi yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wa hapa wanajua petroli inauzwaje na nani alisafiri lini, hawadanganyiki. Na madai yaliyoelekezwa kwa viongozi binafsi yasimamishwe hadi daftari hili likaguliwe upya.

5. Kununuliwa vitu bila kuulizwa.

Ruzuku nyingine huja ikiwa vitu. Tumepokea fulana, kofia, mabango na vipeperushi vya rangi. Fulana tumevaa, tunashukuru, hata leo mnaziona. Lakini tuliomba klorini, ndoo za lita 20 zenye koki, sabuni na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini. Sehemu nyingine ya fedha ilikwenda kwenye semina elekezi ya mjini, ambako tulifundishwa kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, tukalipwa posho, tukarudi vijijini kusiko na sabuni.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilizungumza, vitabu vya Kiswahili chepesi vikagawiwa, na watu takriban milioni mbili nchi nzima wakakaa kwenye vikundi kusikiliza, kujadiliana na kisha kwenda kuchimba vyoo. Tumewauliza kama walipewa fulana. Hawakumbuki.

Ombi letu: orodha ya manunuzi ipitishwe kwa vikundi kabla ya zabuni, na Mganga Mfawidhi wa zahanati husika aisaini.

6. Usalama wa wanaojitolea.

Mheshimiwa, tunaosha mahali mgonjwa alipotapika. Tunasaidia kuandaa maiti, kazi inayotaka dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia mbili, kali ya kuchoma ngozi. Wengi wetu tumeifanya kwa mifuko ya rambo mikononi. Glavu zikifika hufika chache na zina kipimo kimoja. Gambuti tunaazimana, anayetoka zamu anamvulia anayeingia. Wanachama wetu wameugua katika kazi hii, na walipolazwa waliandikiwa dawa za kununua kama mtu mwingine yeyote.

Kuna pia hili la maneno. Wapo wanaotuambia kwamba dawa tunayotia majini ndiyo inayoleta ugonjwa, kwa hoja kwamba kila tulipopita ndipo wagonjwa walipo. Ni kweli tunapita palipo na wagonjwa, tunaitwa huko. Lakini kijana mmoja alipigwa mawe, na dumu lake likamwagwa. Serikali ya kijiji ilimaliza jambo kwa suluhu, nasi tukakubali.

Ombi letu: kila ruzuku itanguliwe na vifaa vya kujikinga, gambuti na glavu za vipimo tofauti zikiwamo. Familia ya kila anayejitolea ilipiwe bima. Katika CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, gharama ndogo kuliko ya bango moja. Tunaomba pia wewe mwenyewe, pamoja na masheikh, mapadri na wachungaji waliopo hapa, mtutambulishe kwa wananchi kabla ya mlipuko, ili tukigonga mlango usiku tujulikane.

7. Picha za wagonjwa.

Tunatakiwa kuambatanisha picha kwenye taarifa. Tumeagizwa zionyeshe wanufaika. Mnufaika wa kipindupindu, Mheshimiwa, amelala kwenye kitanda chenye tundu, hana nguo ya kumsitiri. Hatutaki kumpiga picha mama wa mtu katika hali hiyo.

Ombi letu: picha za ndoo, vyoo na vituo vya maji zitoshe.

8. Ruzuku kukomea kwenye mpaka.

Boti zetu zinakwenda Burundi na Kongo, na za kwao zinakuja. Soko la mwaloni siku ya mnada lina Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo kwa pamoja. Masharti ya ruzuku yanasema mnufaika awe mkazi wa kijiji husika. Mchuuzi wa ng'ambo akishuka na ugonjwa tunamhudumia, lakini maji na dawa alivyotumia hatuwezi kuviandika. Mwaka 2015 hatukumwuliza mtu kitambulisho pale ufukweni, na tungefanya hivyo ugonjwa ungetufuata majumbani.

Ombi letu: ruzuku ihesabu watu wanaopita mwaloni, si wakazi peke yao, na vipaza sauti vitangaze pia kwa Kiha na Kirundi. Ikiwezekana, ofisi yako itusaidie kupata kibali cha kukutana na vikundi vya ng'ambo walau mara moja kwa mwaka, ili wao wakipata mgonjwa wa kwanza tupigiwe simu.

9. Vyoo vilivyozama.

Hili halipo kwenye masharti ya ruzuku na tumeambiwa tusilichanganye na hayo mengine. Tunalichanganya. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka hii. Nyumba zimehamwa, na mwaka 2024 mawimbi yaliingia kwenye vyoo vya umma vya mialo. Pale uliposhukia kutoka kwenye boti, ukitazama kushoto, utaona kuta mbili zimesimama ndani ya maji, moja bado imeandikwa KE. Wavuvi na wachuuzi wanaofika hapa alfajiri hawana pa kujisaidia isipokuwa nyuma ya mitumbwi, na hatua chache kutoka hapo kina mama wanachota maji ya kupikia. Tunaweza kutia klorini kwenye kila ndoo hadi tuzeeke, bila ugonjwa kwisha.

Tuliomba fedha za klorini zilizobaki zichimbe mashimo sehemu ya juu ya mwalo. Tukajibiwa kwamba ujenzi ni mradi wa maendeleo na ruzuku hii ni ya dharura. Vijana wako tayari kuchimba bila malipo, mawe yapo, mzee mmoja ametoa kiwanja kwa hiari yake na Mtendaji ameshaandika muhtasari. Tunachokosa ni saruji, nondo, bati na fundi mmoja anayejua kujenga kwenye udongo wa kichanga.

Ombi letu: vyoo vya mialo vihesabiwe kuwa sehemu ya kinga dhidi ya mlipuko, na vijengwe kabla ya masika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala za risala hii tumezigawa: moja kwako, moja kwa Mkurugenzi, moja kwa Kamati, na moja itabaki kwa wazee wa mwalo. Daftari la matumizi tunalikabidhi leo kwa Mganga Mkuu mbele ya mkutano huu, kwa ahadi kwamba litarudi. Tunaomba majibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, hata kama jibu la hoja nyingine ni hapana, na tunaomba yasomwe hapa hapa mwaloni. Kwa kuwa wengi wetu usiku tuko ziwani, tunapendekeza kikao hicho kiwe katika wiki ya mbalamwezi, watu wote watakapokuwa nchi kavu.

Wakati tukisubiri, zamu za kutibu maji zinaendelea kama kawaida katika vitongoji vyote. Klorini iliyopo inatosha kwa sasa. Sabuni imebaki katoni mbili.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenyeviti, Makatibu na Waweka Hazina,
kwa niaba ya vikundi vya huduma vya kata za mwambao.